Tuache Kufunza Kemia Kikasuku

Tarehe 8 Oktoba 2025, Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Sweden kilitangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka huo ingegawanywa baina ya wataalamu watatu: Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne nchini Australia, na Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Habari hiyo ilienea ulimwenguni siku hiyo hiyo. Hata hivyo, katika shule zetu nyingi habari za aina hii hupita kama upepo nje ya dirisha: huvuma, lakini haziingii darasani. Mwalimu ana silabasi ya kumaliza, mwanafunzi ana mtihani wa kuukabili, na ugunduzi wenyewe umefungwa ndani ya istilahi ambazo hakuna aliyejishughulisha kuzifungua.

Mimi si mwanakemia. Taaluma yangu ni isimu, na kazi yangu ya kila siku ni kuwafundisha vijana wa chuo kikuu jinsi maneno yanavyoundwa na jinsi yanavyobeba maana. Hata hivyo nawaomba walimu wa kemia waniwie radhi nikipiga hodi uwanjani mwao, kwani ninalotaka kulisema linahusu lugha. Dai langu ni hili: sehemu kubwa ya ugumu ambao wanafunzi wetu huuona katika kemia si ugumu wa kemia, bali ni ugumu wa maneno yaliyomwagwa mbele yao bila ya kufasiriwa. Na dawa ya ugumu huo tunayo jikoni, sokoni na katika Kiswahili chenyewe.

NYUMBA YA FITO ISIYOKANDIKWA

Hebu tuanze na tuzo hiyo. Je, mabwana hao watatu walifanya nini?

Mwaka 1974, Richard Robson alikuwa akitayarisha vifaa vya kufundishia. Alitaka mipira ya mbao iwe mifano ya atomu, na vijiti viwe viungo vya kuziunganisha, ili wanafunzi wake waweze kuunda molekuli kwa mikono yao. Ilibidi mipira hiyo itobolewe matundu. Lakini matundu hayatobolewi ovyo, kwa maana kila aina ya atomu ina idadi yake ya viungo na pembe zake za kuvielekeza. Robson alipima, akaweka alama, akaipeleka mipira karakana ya chuo ikatobolewe. Iliporudi, alipoanza kuiunganisha, aling'amua jambo: mahali pa matundu palikuwa pamekwisha kuamua umbo la molekuli nzima. Mjenzi hakuhitaji kulazimisha kitu. Akajiuliza, je, atomu na molekuli zenyewe haziwezi kutumiwa hivyo, zikajijenga kwa mpangilio tunaoutaka?

Wazo hilo lilikaa naye zaidi ya miaka 10. Mwaka 1989 alichapisha matokeo. Alikuwa amechukua ioni za shaba, ambazo hupenda kushikamana na vitu vinne, akazichanganya na molekuli yenye mikono minne. Zilijipanga zenyewe zikawa fuwele yenye mpangilio unaofanana na wa almasi, ila tofauti na almasi, ndani yake mlikuwa na nafasi tele.

Msomaji aliyelelewa pwani, au popote panapojengwa nyumba za udongo, atanielewa nikisema kwamba hiyo ni nyumba ya fito isiyokandikwa. Nguzo ni ioni za metali. Fito ni molekuli zenye kaboni. Nazo zimefungamana zikafanya kiunzi. Udongo haujatiwa, kwa hivyo upepo hupita katikati. Mwaka 1997 Kitagawa alionyesha kwamba gesi kama vile methani, naitrojeni na oksijeni zinaweza kuingia ndani ya viunzi vya namna hii na kutoka, bila ya kiunzi chenyewe kubomoka. Yaghi naye, ambaye mwaka 1995 ndiye aliyevipa viunzi hivi jina linalotumika hadi leo, alitengeneza mwaka 1999 kiunzi kinachoitwa MOF-5, ambacho hata kikiwa kitupu huweza kupashwa moto hadi nyuzi 300 za Selsiasi kisiporomoke. Gramu chache tu za dutu hiyo, ukizikunjua kuta zake zote za ndani ukazitandaza chini, zitafunika eneo la uwanja wa kandanda.

Faida yake ni nini? Kikundi cha Yaghi kilikipeleka kiunzi cha namna hii katika jangwa la Arizona. Usiku kilinasa mvuke wa maji kutoka hewani. Kulipokucha, jua lilikipasha joto, mvuke ukatoka, ukakusanywa ukawa maji. Hebu mwalimu wa Garissa au wa Lodwar awaeleze wanafunzi wake jambo hilo kwa maneno haya haya ya fito na nguzo, kisha aone kama kuna atakayesinzia.

Nimesimulia kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ugunduzi huu mkubwa ulichipuka katika maandalizi ya somo. Mwalimu aliyekuwa akitafuta njia ya kuwafanya wanafunzi waone kwa macho na washike kwa mikono ndiye aliyeona yeye mwenyewe kitu ambacho hakuna aliyekiona kabla yake. Kueleza vizuri si kazi ya chini ya utafiti; mara nyingine ni mlango wake. Ya pili ni kwamba nimeyaeleza yote hayo kwa Kiswahili, na sidhani kama msomaji amepungukiwa na kitu.

MAGADI NA JIVU

Sasa turudi darasani. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza huambiwa kwamba alama ya sodiamu ni Na na alama ya potasiamu ni K. Akiuliza kwa nini sodiamu haikuandikwa So, wala potasiamu Po, aghalabu huambiwa, "Kariri tu, ndivyo ilivyo." Hapo ndipo mbegu ya kasuku inapopandwa. Mtoto hujifunza siku hiyo kwamba kemia ni somo lisilo na sababu.

Lakini sababu ipo, nayo iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Herufi Na zimetokana na neno natrium, ambalo wanakemia wa Ulaya walilijenga juu ya neno la kale natroni. Natroni ni chumvi ya mawe ambayo Wamisri wa kale walikuwa wakiitumia kukaushia maiti wasioze. Je, sisi Waafrika wa Mashariki hatuijui natroni? Kaskazini mwa Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wetu, kuna Ziwa Natron. Upande huu wa mpaka, katika kaunti ya Kajiado, kuna Ziwa Magadi. Maziwa hayo mawili ni ndugu, na majina yao yanataja karibu kitu kimoja kwa lugha mbili. Magadi tunayoyatia katika maharagwe magumu ili yaive upesi ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu pamoja na maji. Kwa hivyo, mwanafunzi anapoandika Na katika daftari lake, kwa hakika anaandika kifupi cha magadi. Kuna haja gani ya kukariri?

Na ile K je? Ni kifupi cha kalium, neno lililochimbuka katika Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea. Neno alkali, ambalo mwanafunzi hukutana nalo katika mada ya asidi na besi, ni lilo hilo. Hata neno potasiamu lenyewe, alilolibuni Humphry Davy wa Uingereza mwaka 1807 alipofaulu kuitenga elementi hiyo kwa nguvu za umeme, limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jivu la chungu. Sasa nenda magharibi mwa Kenya. Utawakuta akina mama wakichoma maganda makavu ya maharagwe, wakilitia jivu lake katika chombo kilichotobolewa chini, wakilimiminia maji, na kuyakinga yanayochuruzika. Maji hayo ndiyo wanayoyatia katika mboga za kienyeji zilainike na kupoteza uchungu. Kilichomo ndani yake, kwa sehemu kubwa, ni kaboneti ya potasiamu. Ukiyatia karatasi nyekundu ya litmasi itageuka samawati mara moja. Mama yule ametengeneza alkali, tena kwa maana kamili ya asili ya neno lenyewe, na hana habari kwamba binti yake aliyeko bwenini anaumwa na kichwa akikariri neno hilo hilo.

Sisemi kwamba kila alama ya kemia ina shina lake jikoni mwetu. Nasema kwamba mwalimu akiwaonyesha wanafunzi asili ya alama mbili au tatu tu, watakuwa wamejifunza jambo kubwa zaidi ya alama zenyewe: kwamba kila neno katika somo hili lilitungwa na mtu, mahali fulani, kwa sababu fulani, na kwamba sababu hiyo yaweza kutafutwa.

KONSONANTI MOJA INAYOUA

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wa isimu hujifunza kuyachanganua maneno kama "alipika": a- ni mtenda, -li- ni wakati uliopita, -pik- ni mzizi, na -a ni kiishio. Huwachekesha ninapowaambia kwamba walikwisha kuifanya kazi hii katika kidato cha tatu bila ya kuambiwa, tena katika somo la kemia. Majina ya kemia ya kaboni yamejengwa kwa kanuni ile ile ya mizizi na viambishi inayoijenga lugha ya Kiswahili.

Tazama. Meth- ni kaboni moja. Eth- ni kaboni mbili. Prop- ni tatu. But- ni nne. Kiishio -ani huarifu kwamba kaboni zimeshikana kwa kiungo kimoja kimoja. -Ini kwamba kuna kiungo maradufu. -Oli kwamba kuna kikundi cha oksijeni na haidrojeni kilichoning'inia. Basi ethani ni kaboni mbili zilizoshikana kwa kiungo kimoja. Ethini ni kaboni mbili zenye kiungo maradufu. Ethanoli ni ile ethani iliyopata -oli yake. Mtoto aliyezoea kwamba "pika", "pikia", "pikisha" na "pikwa" ni mzizi mmoja uliovalishwa nguo tofauti hana sababu ya kuyaogopa majina hayo. Anachohitaji ni mwalimu wa kumwambia kwamba hii ni sarufi, na kwamba sarufi ya namna hii ameinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Pengine kuna atakayesema kwamba haya ni mapambo ya wanaisimu. La hasha. Katika fonolojia tunazo jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu, kama vile "pata" na "bata". Kemia nayo inayo jozi kama hiyo: methanoli na ethanoli. Tofauti katika matamshi ni konsonanti moja. Tofauti katika molekuli ni kaboni moja na haidrojeni zake mbili. Tofauti katika mwili wa binadamu ni uhai na mauti.

Ethanoli ndiyo iliyomo katika bia, katika mnazi na katika pombe zote za kunywewa. Ina madhara yake, lakini anayeinywa kwa kiasi huamka kesho yake. Methanoli ni ya viwandani. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ya methanoiki, asidi ile ile ambayo wataalamu wa kale waliipata kwa kuwakeneka sisimizi. Nayo hushambulia mishipa ya macho, ikampofusha mtu au ikamuua. Zote mbili hazina rangi. Zote mbili zina harufu ya pombe. Ulimi wa mlevi hauwezi kuzitenganisha. Mwezi wa Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya makazi duni jijini Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapoteza macho yao. Mwezi wa Mei 2014 msiba wa namna hiyo ukarudi katika kaunti kadhaa. Februari 2024 kaunti ya Kirinyaga nayo ikazika watu wake waliokunywa pombe yenye sumu.

Katika mazishi ya aina hiyo kuna vijana waliopitia kidato cha nne. Yamkini waliwahi kuyaandika majina yote mawili katika karatasi ya mtihani, wakapewa alama, kisha wakayasahau kama kasuku anavyosahau. Somo lingekuwa limeingia moyoni, mmoja wao angaliweza kuwaambia wenzake barazani, kwa lugha wanayoielewa, kwamba katika pombe isiyojulikana ilikotoka kuna konsonanti moja inayoweza kuwatia kaburini. Huo ndio uzito wa jambo ninalolizungumzia. Si suala la alama za mtihani peke yake.

PALE KISWAHILI KINAPOJIKWAA

Haki itendeke pande zote. Nikiwa mtetezi wa Kiswahili, sina budi kukiri kwamba lugha yetu ya kila siku nayo inaweza kumpotosha mwanafunzi wa kemia, na mwalimu hana budi kuwa macho.

Chukua neno "kuyeyuka". Tunasema barafu imeyeyuka, na tunasema sukari imeyeyuka katika chai. Lakini hayo ni matukio mawili tofauti kabisa. Barafu imegeuka kuwa maji kwa joto, na haikuhitaji kitu kingine. Sukari imetawanyika miongoni mwa molekuli za maji, wala haikugeuka kuwa sukari ya maji maji. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza huchanganya mambo hayo, na mwalimu hushangaa kosa limetoka wapi. Limetoka katika lugha. Dawa yake iko katika lugha iyo hiyo: tunalo neno "kumumunyuka". Tuseme barafu huyeyuka, sukari humumunyuka, na mmumunyo ndio tunaoupata.

Chukua tena neno "kali". Kwetu, pilipili ni kali, jua ni kali, mbwa ni mkali, na asidi ni kali. Lakini katika kemia kuna mambo mawili ambayo neno hilo huyafunika yote. Asidi yenye nguvu ni ile ambayo, ikiwa majini, huachilia karibu ioni zake zote za haidrojeni. Asidi dhaifu huachilia chache. Asidi iliyokolea, kwa upande mwingine, ni ile iliyo nyingi katika maji machache, hata kama kwa tabia yake ni dhaifu. Asidi ya haidrokloriki iliyo tumboni mwako ni yenye nguvu, ila imezimuliwa; asidi ya ethanoiki, ile inayoifanya siki iwe chachu, ni dhaifu, lakini ikikolea sana inaunguza ngozi. Tazama jinsi Kiswahili cha jikoni kilivyotupa maneno tuliyoyahitaji: chai hukolea sukari, mchuzi hukolea chumvi, na kilichozidi ukali huzimuliwa kwa maji. Mwanafunzi aliyeelewa "kukolea" na "kuzimua" hatachanganya tena. Na katika kuzimua asidi iliyokolea, akumbuke sikuzote kutia asidi katika maji, kidogo kidogo, wala si maji katika asidi, kwani joto linalotokea ghafula laweza kuyarusha usoni mwake.

Maneno mengine tunayo tayari, tena mazuri: kuchuja, kuganda, kuchacha, kukeneka, kutu, zebaki, shaba, risasi, siki. Kisichokuwapo ni mazoea ya kuyaingiza katika somo la kemia.

KORIJA YA ATOMU

Mada inayowatesa zaidi wanafunzi wa kidato cha tatu, kwa jinsi walimu wenyewe wanavyoniambia, ni ile ya moli. Hapa pia nina neno la kuwaazima. Pwani yetu, boriti za mikoko zimehesabiwa tangu zamani kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mfanyabiashara hasemi anataka boriti 200. Husema anataka korija 10. Korija si boriti, wala si uzito wa boriti. Ni hesabu tu. Korija ya boriti nene na korija ya fito nyembamba zina idadi moja, lakini mzigo si mmoja.

Moli ndiyo korija ya wanakemia. Kwa kuwa atomu ni ndogo mno, korija yao imebidi iwe kubwa mno: 602,214,076,000,000,000,000,000. Moli moja ya maji ina uzito wa gramu 18 hivi, yaani funda moja tu; moli moja ya shaba ina gramu 63.5. Idadi ni ile ile, mzigo ni tofauti, kama fito na boriti.

Hapa pana habari ambayo haijafika katika madaftari mengi. Zamani moli ilifasiliwa kwa kurejelea idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019, fasili hiyo ilibadilishwa na mataifa yanayosimamia vipimo duniani: moli sasa ni idadi ile niliyoiandika hapo juu, kamili, bila ya kutegemea kipande chochote cha kaboni. Kwa maneno mengine, wakubwa wa vipimo wamekubaliana na mfanyabiashara wa Lamu: korija ni hesabu, basi. Hesabu za darasani hazikubadilika, lakini maelezo yamekuwa mepesi zaidi, na mwalimu anayeendelea kuanza na kaboni-12 anazunguka mbuyu bila ya sababu.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Najua kuna watakaoniuliza: je, mtihani wa KCSE haufanywi kwa Kiingereza? Je, vitabu vyote si vya Kiingereza? Naam, ni kweli, na sijasema kwamba kesho asubuhi tuvichome. Ninachosema ni kwamba kuna lugha ya kuandikia jibu na kuna lugha ya kuelewea swali, na si lazima ziwe moja. Mwalimu anaweza kueleza kwa Kiswahili hadi uso wa mwanafunzi ung'ae, kisha akamfunza kuliandika jambo hilo kwa Kiingereza sanifu. Walimu wengi hufanya hivyo kwa siri, wakichungulia mlangoni kama wezi. Kwa nini iwe siri? Katiba ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Hakuna kifungu kinachokitoa nje ya maabara.

Wengine watasema Kiswahili hakina istilahi. Hao wajue kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kamusi ipo, wasomaji ndio haba. Na hata Tanzania, ambako shule za msingi za umma zimefundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, wanafunzi wengi wakifika sekondari huingia ghafula katika Kiingereza, wakaachwa katikati ya mto. Tusiwacheke, na sisi tumo mtoni humo humo.

Wengine tena watadai kwamba maneno kama oksijeni, atomu na moli si ya Kiswahili. Ni kweli yamekopwa. Lakini neno kemia lenyewe Wazungu walilikopa kwa Waarabu, na hakuna Mzungu anayelionea haya. Lugha haifi kwa kukopa. Hufa kwa kutotumiwa. Na lugha inayotumiwa katika sayansi hufika siku ikakopwa nayo. Mwaka 2016, elementi ya 113, iliyogunduliwa na wanasayansi wa Japani, ilipewa rasmi jina la nihoniamu, kutokana na Nihon, jina ambalo Wajapani huiita nchi yao kwa lugha yao. Leo kila mwanafunzi duniani anayeisoma jedwali ya elementi hutamka neno la Kijapani. Wajapani walifika huko baada ya kuifundisha kemia kwa Kijapani, kizazi baada ya kizazi.

LA KUFANYA

Nimalizie kwa mapendekezo machache, ambayo hayahitaji fedha za Wizara wala amri ya waziri.

Mosi, mwalimu wa kemia anapoleta istilahi mpya ubaoni, atumie dakika mbili kueleza imetoka wapi na sehemu zake zina maana gani, na awaulize wanafunzi, "Kwenu hii inaitwaje?" Majibu mengine yatakuwa ya kuchekesha, mengine yatakuwa ya thamani kubwa.

Pili, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kemia wanywe chai meza moja. Mwalimu wa Kiswahili anatafuta mada za insha kila wiki. Basi na wanafunzi waandike insha inayoeleza kwa nini magadi huivisha maharagwe, au jinsi maji yanavyokamuliwa kutoka kwa hewa ya jangwani. Mwanafunzi asiyeweza kulieleza jambo kwa nyanyake hajalielewa bado, hata kama amepata alama zote.

Tatu, kila mwanafunzi awe na daftari dogo la istilahi, lenye neno, asili yake, maana yake kwa Kiswahili na mfano wake nyumbani. Ifikapo mwisho wa kidato cha pili, atakuwa na kamusi aliyoitunga mwenyewe, na kitu ulichokitunga mwenyewe hukisahau upesi.

Nne, na hili nawaambia walimu wakuu: fungueni milango. Omar Yaghi alizaliwa mjini Amman, Jordan, mwaka 1965, katika familia kubwa ya wakimbizi wa Kipalestina iliyoishi katika chumba kimoja pamoja na mifugo, bila umeme wala maji ya bomba. Alipokuwa na umri wa miaka 10 aliingia kwa kunyemelea katika maktaba ya shule, ambayo kwa kawaida ilikuwa imefungwa, akafungua kitabu, akaona picha asizozielewa. Zilikuwa picha za molekuli. Mtoto aliyekulia katika shida ya maji ndiye aliyekuja kuyatoa maji katika hewa ya jangwa. Ni maktaba ngapi zetu zimefungwa kwa kufuli, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda mjini? Ni maabara ngapi ambazo vifaa vyake hutolewa vumbi wiki ya mtihani tu?

Kitabu kilichofungwa na neno lisilofasiriwa ni kitu kimoja. Vyote viwili ni kufuli. Serikali ina wajibu wake wa kununua vifaa na kuajiri walimu, na tusichoke kuukumbusha. Lakini kufuli la neno halifunguliwi na serikali. Hufunguliwa na mwalimu aliyesimama mbele ya wanafunzi, chaki mkononi, akaamua kwamba leo hawatakariri, leo wataelewa.